Treni Iliyosimama kwa Salamu

Kabla ya telekomande, mimi na mama mkwe wangu tuliishi kwa amani kubwa, kwa sababu hatukuonana. Nilikuwa dereva wa treni kwenye uwanja wa reli wa kiwanda kimoja cha shaba hapa Kolwezi. Nilikaa juu ndani ya kichwa cha treni, nikisukuma mabehewa ya salfa na kuvuta yale ya shaba. Yeye alipita chini na beseni lake la mihogo na karanga, akienda kuwauzia watu wa getini. Akitokea, nilirudisha uso ndani, naye akatazama mbele. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mkwe mzuri ni yule asiyeonekana. Mkikutana ana kwa ana, unachutama kando ya njia, unainamisha kichwa na kupiga makofi polepole mpaka apite.

Halafu wakubwa wakatushusha. Kibanda cha dereva kikafungwa kwa kufuli, nikavalishwa hiyo telekomande: mkanda wenye kisanduku kifuani, na kwenye kisanduku vishikio viwili vya kuongozea treni kutoka chini. Kuanzia siku hiyo treni ilikwenda bila mtu ndani, nami nikitembea kando yake kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Wenzangu walikisifu sana kile kisanduku. Mimi sikukipenda, na sikuficha.

Kilikuwa na akili moja tu. Aliyekivaa akiinama sana, kilijua ameanguka: kilifunga breki papo hapo na kengele ikalia ofisini. Hayo tulifundishwa vizuri. Ila hakuna mwalimu aliyeuliza kama kati yetu kuna mtu ambaye mama mkwe wake hupita relini.

Wiki ileile mama mkwe akatokea nyuma ya behewa, hatua chache tu mbele yangu. Mwili ukafanya ulichozoea tangu ujana. Nilichutama, nikainama, nikapiga makofi, na mabehewa yakagongana kwa kishindo mpaka moja likatoka relini. Mama mkwe alikwenda zake na beseni lake. Shefu, mkubwa wetu wa kazi, alikuja, akalitazama behewa, akanitazama mimi.

"Tata, ile mashini haiyue mukwe," akasema. "Ukiinama, iko nawaza unaanguka. Mara ingine utaenda kufagia mu hangari."

Basi mama mkwe alipopita tena nilisimama wima, vidole kwenye vishikio, macho kwenye mabehewa. Kwa bahati mbaya mabehewa yalikuwa upande wake. Jioni hiyo alimwita mke wangu nyumbani kwake Kapata.

"Bwana yako anasimama sawa nguzo, iko nanitazama mu macho," alimwambia. "Ku nyumba yenu sitafika tena."

Mke wangu akamweleza habari za kisanduku, mwanzo hadi mwisho. Mama yake alimsikiliza, kisha akauliza, "Tangu lini treni inasimama juu ya salamu?"

Wakati mwingine ningecheka. Lakini mke wangu alikuwa karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na kwetu ni mama mzazi anayekuja kumkanda binti yake kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Mke wangu aliogopa kuzaa bila mama yake. Alilia akisonga bukari, alilia akianika nguo. Nilituma kuku wa kuomba radhi, kuku akarudishwa akiwa hai. Nami nikakasirika, maana kurudisha kuku wa mkwe ni neno zito, na nikasema mengi ambayo mke wangu hakustahili kuyasikia.

Ndipo malaria ikanishika. Nilikwenda kazini hivyohivyo kwa kuuogopa ule ufagio. Jua lilikuwa la utosini, na kuketi ni marufuku, kwa kuwa hata ukiketi vibaya kisanduku huona umeanguka. Mama mkwe akapita bila kugeuka. Nilisimama ile nguzo yangu mpaka nikamwona amekaribia geti. Kisha kokoto za reli zikanijia usoni.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Treni ilisimama, kengele ikalia ofisini, na ofisini wakacheka. "Anasalimia mama mukwe," mmoja akasema, wakaendelea na chai yao. Kengele ile iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyeanguka, lakini mimi nilikuwa nimeshaiharibia jina.

Nilipofumbua macho, kichwa changu kilikuwa juu ya mapaja ya mwanamke. Alikuwa akininyunyizia maji shingoni, na mihogo ilikuwa imetapakaa katikati ya reli. Nilipomtambua nilitaka kuinuka, maana kichwa cha mkwe mahali pale ni aibu isiyosemeka. Akanikandamiza kwa mkono wake mzito.

"Lala," akasema, akitazama mabehewa.

Hatimaye shefu alifika, akitembea taratibu, na alipotuona akaanza kukimbia. Akamuuliza mama alijuaje kwamba nimeanguka, wakati wao wenye kengele walidhani ni salamu.

"Mi nilikuwa nilisha kupita," akajibu. "Nikasikia treni inasimama. Alikuwa anasalimia nani?"

Nililia palepale, na malaria ikasingiziwa. Kumbe alikuwa ameamini kila neno la mke wangu kuhusu kisanduku.

Siku ileile alihamia kwetu na furushi lake la nguo. Tukarudia adabu yetu: yeye mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Binti yetu alipozaliwa, nilikuwa uani, nikamsikia mama mkwe upande wa pili wa ukuta akimwogesha na kumgombeza kwa kulia ovyo. Kisanduku kilikuwa kazini, kimetundikwa kwenye msumari wake. Nilichutama, nikainama mpaka paji la uso likakaribia magoti, nikapiga makofi, na sikuacha mpaka sauti yake ikatoka dirishani kuniambia inatosha.