Kiriba Kilichofukizwa Udi

Kiriba ninachokizungumzia si cha maji. Ni ala ya muziki: mfuko wa ngozi wenye bomba la kupulizia, mabomba matatu yanayovuma begani, na, kwa chini, zumari ya kuchezea kwa vidole. Changu, kwa miezi mitatu, kililia kama ngamia anayepakiwa mzigo asioutaka, kisha kikakata roho katikati ya wimbo. Majirani zetu wa mtaa wa Ansab walifunga madirisha wakiniona tu nakitoa.

Mwalimu wetu alikuwa mama mstaafu wa bendi, ambaye wazee wake walihamia nchi hii ya ngamia kutoka Unguja kama wangu. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Jumapili moja, darasani kwake mtaa wa Ruwi, aliniambia mbele ya wenzangu wote:

"Bibie, viriba vichache na wanaovitaka wengi. Alkhamisi utanipigia wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho. Ukikatika, nnakichukua nnampa mwengine."

Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli. Nilikipenda kile kidude kuliko nilivyowahi kukiri kwa mtu.

Kosa lilikuwa langu, tena la kwetu hasa. Mama alilalamika kuwa kinanuka beberu, nami kila Ijumaa nilipofukiza nguo nikakifukiza na chenyewe, kwa udi, juu ya chetezo chenye makaa. Kilinukia kama bibi harusi. Pumzi ilipopotea nikayalaumu mapafu yangu, nikawa napanda na kushuka ngazi za nyumba nikihema, na mama akitikisa kichwa jikoni.

Jumanne, baada ya alasiri, hasira zilinipa akili. Niliyaziba mabomba yote kwa vizibo, nikapuliza kwa nguvu, kisha nikapitisha shavu taratibu kwenye kila kiungo, pale bomba linapoingia mfukoni. Upepo ukanigusa. Uzi uliozungushwa kwenye viungo ili vikaze ulikuwa umekauka kwa joto la makaa na kusinyaa. Upepo wangu wote ulikuwa ukitokea hapo.

Nilijitukana vya kutosha, kisha nikaubandua uzi wa zamani. Mama alinishikia kibunda cha uzi mpya nilioupaka nta ya nyuki.

"Udi haujapata kumdhuru mtu," alisema.

"Kiriba si mtu, mama."

Nilizungusha mpaka kila kiungo kikaingia kwa kusukumwa. Nikapuliza, mfuko ukajaa, ukabaki umejaa. Nikatoa vizibo, nikapuliza tena; nilipovuta pumzi nikaubana kwa mkono, na mabomba yote matatu yakavuma pamoja bila kutetereka. Nililia, sioni haya kusema.

Alhamisi nilisimama mbele ya mwalimu. Alifumba macho. Nikaanza, nikapita pale nilipokuwa nakwama siku zote, nikaendelea, na furaha ikanijaa hadi masikioni. Nikafika mwisho.

Nikaacha kupuliza, lakini mfuko ulikuwa bado umejaa, na kiriba hakikuacha kulia. Kwa miezi mitatu kilikuwa kikijifia chenyewe. Namna ya kukinyamazisha sikuwahi kuihitaji, na siku ilipofundishwa sikuisikiliza. Nikaogopa kuaibika. Nikavuta pumzi, nikaanza wimbo upya, nikaumaliza, nikaanza tena.

Katika raundi ya tatu mwalimu alifumbua macho, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Chako," alisema. "Sasa njoo nikufunze kukizima."