Sukari Niliyomnyima Mama

Asifiwe Mungu, aliyenipa umri wa kuiona aibu yangu na bado akaniachia siku za kuisimulia.

Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kijijini kwetu, upande wa Muleba, kwenda kusoma mambo ya utabibu Uganda. Mimi nilibaki. Baba alikuwa amefariki, kibanja cha migomba na kahawa kilihitaji mtu, na mapadre wakanifundisha ukatekista, kazi niliyoweza kuifanya nikiwa nyumbani. Nilisema ni mapenzi ya Mungu. Lakini barua za mdogo wangu, ambazo Mama alitaka nimsomee mara tatu tatu, nilizisoma kwa meno yaliyokazwa.

Aliporudi alipata kazi katika maabara ya hospitali, Bukoba mjini. Mwaka huohuo Mama aliota uvimbe kwenye titi. Madaktari waliona muda wa kuukata umepita, wakamrudisha nyumbani. Mimi ndiye niliyempikia na kumkalisha juani asubuhi. Lakini Jumamosi, lori lilipomshusha mdogo wangu barabarani, Mama alivaa kitambaa kipya, akatoa kikapu chake kidogo cha kahawa za kutafuna, akampa yeye kwanza. Mgeni hupewa kwanza, ndiyo desturi yetu. Ila yule hakuwa mgeni.

Jumamosi moja alinikuta nimemaliza kukamua ndizi. Nilikuwa nimetia mtama kwenye mtumbwi wa mti tunaokamulia, nafunika juisi kwa majani ya mgomba ili ichache, iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Kaka," akasema, "uvimbe wa Mama unafanya kazi hii hii."

"Unatengeneza pombe? Basi tuwaite majirani."

Alicheka, akachuchumaa kando yangu. Alisema mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya kila chembe mna vimeng'enya, mfano wa vibarua, kila kimoja na kazi yake. Kimoja huipokea sukari inapoingia na kuifunga isitoke tena. Katika chembe yenye afya, sukari iliyofungwa ikirundikana, kibarua huyo hupunguza kasi. Na hewa ikiwepo, chembe huiunguza sukari yake taratibu, isipotee bure.

"Chembe za saratani huvuta sukari bila kiasi," akasema, "na huichachua hata hewa ikiwa tele. Ni kama rubisi yako ingechacha mtumbwi ukiwa wazi."

"Na kibarua hasikii akiambiwa basi?"

"Hasikii vizuri. Kwa nini, hata walimu wangu hawajui."

Nilielewa. Hilo ndilo lililoniuma: nilielewa palepale, miguu yangu ikinata utomvu wa ndizi, jambo ambalo yeye alipelekwa Uganda kulisoma.

Aliondoka akamwachia Mama chupa ya asali. Jumatatu Mama aliiomba.

"Mwanao ameikataza," nikamwambia. "Anasema sukari inaulisha uvimbe."

Hakusema hivyo, nami nilijua. Nusu ya moyo iliamini kwamba ninatibu. Nusu nyingine ilitaka Mama amkasirikie, walau siku moja.

Hakumkasirikia. "Kama amesema yeye," akasema, na kuirudisha chupa. Siku iliyofuata aliikataa juisi yangu, aliyoipenda tangu nilipojifunza kukamua. Kisha ndizi mbivu. Kisha uji. Kila aliposukuma kikombe changu kwa ajili ya neno la mwenzangu, wivu ulinipanda upya, wala sikufungua kinywa.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu hakuja; alipofika ile ya pili, Mama hakuweza kukiinua kikapu cha kahawa. Alimwangalia, akanivuta nje.

"Nani kamkataza kula?"

"Ni maneno yako."

"Yangu? Nilisema uvimbe unakula sukari. Sikusema Mama aache! Mwili hujitengenezea sukari wenyewe, Kaka. Ukimnyima chakula, ataitoa kwenye nyama yake mwenyewe, na uvimbe utapata fungu lake vilevile. Anayefunga ni Mama peke yake."

Nilikuwa nimewafundisha watoto wa kipaimara jinsi ya kuungama. Siku ile nilipiga magoti kando ya kitanda cha Mama, mdogo wangu amesimama mlangoni, nikasema yote, na sababu yake.

Mama akasema, "Nilidhani kwa mara ya kwanza tangu mzaliwe, ninyi wawili mmekubaliana jambo moja. Nilifurahi sana, ndiyo maana nikatii."

Akaniomba juisi. Tuliikamua pamoja, mdogo wangu akiteleza kwenye mtumbwi na suruali yake ya mjini, Mama akimcheka kutoka barazani. Alikunywa nusu kikombe. Mungu alimwacha nasi hadi mavuno ya kahawa, akila alichotaka.

Wewe usomaye, Mungu akujalie moyo unaosikia ukiambiwa basi, na akupe nafasi ya kuungama kabla kikombe hakijakataliwa. Amina.