Kamba Iliyoishia Getini

Watoto wa chekechea walimwita mwalimu wao Bi Kamba, na wala hakununa. Ukutani mwa darasa lake alifunga kamba ya kuanikia nguo, akabana picha alizochora mwenyewe: kuvua viatu, kucheza, kunawa mikono, kula, kulala, na mwisho kabisa mama amesimama getini. Mtoto wa miaka minne umwambie saa, ataelewa nini? Picha anaielewa. Jambo moja likiisha, mtoto mmoja alisogeza kibanio chekundu hadi picha inayofuata.

Wote walituliza roho kwa kamba hiyo, isipokuwa Kidoti, binti mwenye alama nyeusi shavuni. Huyu akiamka tu usingizini huangua kilio, na hanyamazi mpaka achukuliwe. Mwalimu mkuu uvumilivu ukamwishia.

"Darasa zima linalia kwa ajili ya mmoja. Kesho akilia tena, abaki kwao."

Rahisi kusema! Babu yake alikuwa mlinzi wa usiku, mchana ndio usingizi wake. Mama yake alifua mashuka hospitalini, akirudi giza limeingia. Mtoto akibaki nyumbani, mmoja wao ataacha kazi. Bi Kamba alirudi darasani amekunja uso, akamkuta Kidoti juu ya kiti, anaichomoa picha ya mwisho huku machozi yanamtiririka.

"Mbona unaitoa, mwanangu?"

"Inadanganya. Mama haji. Anakuja babu."

Mtoto huyu hakuwa mkaidi hata kidogo. Aliisoma kamba na kuiamini. Kila siku aliahidiwa mama, kila siku akatokea babu, na mama akawa kama amepotea njiani. Bi Kamba alijionea aibu, tena aibu ya haki.

Alikaa chini papo hapo, akachora babu mwenye kofia na tochi. Kidoti akaikagua.

"Na mama yuko wapi?"

Swali zuri. Bi Kamba aliifungua kamba kwenye msumari wa mwisho, akaunga kipande kingine, akaivuta nje ya mlango hadi kwenye nguzo ya baraza. Mahali pa picha ya getini akabana ya babu. Kisha nyumba, kisha beseni la kuogea, kisha mama anafungua mlango. Watoto wakacheka kuona kamba yao imetoka nje.

Siku ya pili, mwalimu mkuu alisimama mlangoni wakati wa kuamka. Kidoti alifumbua macho, midomo ikaanza kumtetemeka. Mtoto akainuka, akaifuata kamba kwa kidole mpaka barazani, akamgusa mama kwenye karatasi, akarudi kuvaa viatu vyake. Mwalimu mkuu akaondoka zake.

Babu alipofika, alishangaa kuona mashavu makavu.

"Leo hujamlilia mama, mjukuu wangu?"

Kidoti akamshika mkono, akamvuta kuelekea getini.

"Twende, babu. Mama yuko baada ya kuoga."