Jina la Shamba la Nabintu

Harufu ya mafuta ya mbuzi yanayodondokea kwenye makaa inanichafua roho mpaka leo. Hapa Lackawanna, Marekani, wajukuu wangu wakianza kuchoma nyama nyuma ya nyumba, mimi naingia ndani na kufunga madirisha. Wanacheka: "Bibi anaogopa mbuzi!" Wacheke tu.

Kwetu, vilimani Kivu, kila shamba lilikuwa na jina. Palikuwa na Penye Chui, ambapo hupiti bila kuangusha jani, la sivyo chui anakufuata nyumbani. Palikuwa na Mvua ya Mawe, na Alipolala Bibi Harusi, na Kwa Nabintu. Huyo Nabintu alikuwa jirani yetu, mjane asiye na mtoto, aliyelima pale tangu ujana wake. Majina yote alinifundisha yeye, msimu mmoja wa kupalilia maharage, mimi nikitembea nyuma ya jembe lake. Shule sikukaa sana. Niliyosoma ni hayo majina.

Msimu uleule baba mdogo, Ruhamya, akadai shamba lile ni lake. Karatasi hakuna aliyekuwa nazo. Desturi ilikuwa wazee wamtembeze kilimani mtoto anayejua majina, ayataje, maana mtoto hana sababu ya kudanganya. Wakanichagua mimi. Asubuhi hiyo baba mdogo aliniita nyuma ya jiko, akanipa ubavu mzima wa mbuzi. "Kula, mama. Pale panaitwa Kwa Ruhamya, sivyo?" Nyama tulikuwa tunaiona Krismasi tu. Nikala yote, mafuta yakanitiririka hadi kiwikoni, nikalamba na mfupa.

Wazee wakasimama mpakani. "Bon, haya mama, hapa ni wapi?"

"Kwa Ruhamya."

Nabintu hakulia. Aliniangalia mdomo tu. "Jipanguse, mtoto. Bado unang'aa." Akabeba jembe lake, akashuka. Maharage yake tuliyavuna sisi. Yalipopikwa, niliyatapika.

Hapa vibustani tulivyogawiwa nyuma ya kanisa vina namba, basi. Juzi, mwaka huu wa 2015, mjukuu wangu Furaha aliniomba majina ya kwetu kwa kazi ya shule. Nikayataja moja moja, akaandika, mpaka nikafika kwenye shamba lile. Walioko kule huniambia kwa simu kwamba watoto wa leo wanapajua Kwa Ruhamya, hawajui jina jingine. Uchafu huo ulitoka kinywani mwangu. Nikamwambia Furaha aandike Kwa Nabintu.

"Ni nani huyo, Bibi?"

Nje nyama ilikuwa inachomwa. Nikajipangusa mdomo kwanza, ndipo nikamjibu.