Saa Sita za Kwenda, Kumi na Mbili za Kurudi

Nilimvumilia yule karani wa tikiti mpaka aliponiambia kwamba kwenda London ni mteremko na kurudi ni mlima. Hapo nikamketisha mtoto juu ya meza yake, katikati ya mihuri, nikamwambia, "Mshike. Nataka mikono yote miwili nikufundishe jiografia."

Miezi miwili na ushei nyuma, katika ofisi hiyo hiyo ya Malindi, nilikuwa nimemuuliza jambo moja tu: ndege yachukua saa ngapi kutoka Nairobi hadi London? Mume wangu alikuwa akisoma huko, nami nilikuwa nampelekea mwana wa miezi saba ambaye hajapata kumwona. Karani akanionyesha kadi ukutani: yaondoka saa tatu asubuhi, yafika saa tisa alasiri. "Saa sita, mama. Hesabu rahisi."

Kwetu msafiri hafungi mzigo wake peke yake. Habari ikishatoka, kila nyumba yaleta amana. Shangazi wa mume wangu akaja na furushi la ng'onda, samaki wakavu wa chumvi.

"Saa sita tu, na themosi mbili za uji? Mwaenda kuhamia angani?"

Nikatoa themosi moja, ng'onda wakaingia.

Uji ukaisha saa ya sita. Nikamuuliza mhudumu kama tumekaribia. "Bado saa tatu," akajibu. Maziwa yangu yalikuwa yamekatika zamani, na ya kwao mtoto aliyatema. Akalia saa tatu zote, ng'onda wakinuka juu ya vichwa vyetu, na bwana wa kiti cha mbele akigeuka kila mara kutazama nani kafa.

Lakini tulifika. Baba mtu alimbeba mwanawe hata kwenye kula, akala ng'onda mpaka miiba. Miezi miwili ile ilikuwa mizuri, na nilirudi bila kinyongo. Nilipita ofisini kusema tu kadi irekebishwe.

Nikamkuta mama kutoka Mambrui, mtoto mgongoni, tikiti ya Jumanne mkononi. Naye kaambiwa saa sita.

"Ni tisa," nikasema. "Kwenda tisa, kurudi tisa."

"Kurudi ni kumi na mbili, kadi yasema," karani akacheka. Ndipo akaleta mteremko wake na mlima.

Nikachukua chungwa kikapuni mwa yule mama, nikalizungusha kama mwalimu wetu alivyofanya shuleni kule Kilifi. Huko London ikigonga saa tisa alasiri, hapa kwetu ni kumi na mbili jioni. Maili ni zile zile elfu nne na ushei. Ndege haipandi mlima. Kisha nikamsimulia yule mama habari ya uji na ng'onda.

"Basi mie themosi mbili," akasema mama wa Mambrui. "Ng'onda wa watu wangoje meli."

"Dada, kadi imetoka kwa wakubwa, siwezi kuigusa," karani akasema. Mtoto alikuwa kashaanza kuutafuna muhuri.

"Nipe karatasi."

Kwa Meneja,
KUH: KADI YENU YA UKUTANI
Bwana, kadi yaonyesha kila saa kwa saa ya mji wake, wala haisemi hivyo. Karani wenu azitoa tu moja kwa nyingine, na watoto washinda njaa. Safari ni saa tisa. Naomba iandikwe kwa herufi kubwa kabla ya Jumanne, maana siku hiyo yuasafiri mama mwingine mwenye mtoto mchanga. Kwa sasa nimebandika nakala ya barua hii chini ya kadi.