Bega la Kushoto la Arap Mawe

Enzi zetu zimwi lilichorwa kwa makaa, na hakukuwa na kitufe cha kufuta. Ukikosea mkono, uliishi na mkono huo mbaya mpaka kampuni ya chai ije kupaka nyumba chokaa. Najua wengine watacheka: mama wa watoto wawili, hata thelathini hajafika, anasema "enzi zetu". Chekeni. Waliokulia laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai huku kwetu Kericho, wananielewa.

Makaa yenyewe hayakuwa ya jiko. Yalikuwa ya mti wa senetwet, yale mama aliyosugulia kibuyu ndani kabla ya kumimina maziwa ya mursik, yale ya kugandisha yenye rangi ya majivu. Ni makaa laini, meusi ti, yanashika ukutani kama rangi ya duka. Mimi na Chela tuliyachukua vipande vipande tukaenda nyuma ya jikoni, mahali palipokuwa na ukuta mweupe, mpana, unaonuka moshi. Mama aligomba kila mara: "Mtatunywesha maziwa meupe kama ya hoteli kwa sababu ya hayo mashetani yenu." Tulingoja amalize, tukaendelea. Jioni tulikula kimyet kwa vidole vyeusi, ugali wenyewe ukabaki na alama zetu.

Chela ni Chelangat, binti wa mwenye duka. Tulikalia dawati moja tangu darasa la kwanza. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo sikatai. Angechora jicho likuangalie mpaka ugeuze uso wewe. Lakini mwili hakuujua. Shujaa wetu tulimwita Arap Mawe, yaani mwana wa Mawe, zimwi lenye roho nzuri na mikono minne, anayekula mawe na kutapika moto akisikia nyapara anamfokea mtu. Mikono minne ni wazo la watoto wa chai: miwili ya kuchuna, miwili ya kupigana. Basi Chela akaibandika ile ya pili ubavuni tu, ikaning'inia kama soksi kwenye kamba. Zimwi gani hilo? Hata kuku asingekimbia.

Mimi ndiye niliyejua inatokea wapi, na nilijua kwa sababu ya mgongo wa mama.

Mama akitoka shambani alikuwa anakalia kigoda nje, anashusha blauzi, nami namkanda kwa maji moto na chumvi. Pale ndipo nilipojifunza mwili. Mfupa bapa wa bega uliteleza chini ya ngozi yake kama sahani ndani ya maji ya kuoshea. Nilimwomba achune chai ya hewa nione. Mkono ukienda mbele kukata majani mawili na chipukizi, sahani inaenda nje. Mkono ukirusha majani nyuma kikapuni, sahani inarudi ndani na nyama ya shingo inapanda. Mama alicheka, akaniuliza kama nimekuwa daktari.

Nikamwambia Chela: mkono hauanzii kwapani, unaanzia mgongoni. Arap Mawe apewe mifupa bapa miwili mingine chini ya ile ya kwanza, na kiuno kinene cha kubeba hayo yote, na kichwa kidogo kama kiazi ili mwili uonekane mlima. Na bega la kushoto lishuke. La mama lilikuwa limeshuka, maana uzito wa kikapu aliuegemeza upande huo ili mkono wa kulia uwe mwepesi. Nilidhani watu wenye nguvu wote wako hivyo. Tukachora, na siku hiyo zimwi likasimama. Watoto wa laini nzima walikuja kuliona, na mmoja wao, mtoto wa jirani aliyetoka upande wa ziwani, alikataa kabisa kwenda choo peke yake. Kampuni ilipopaka chokaa, tulimchora upya. Ilipopaka tena, tukachora tena.

Kisha shule zikaisha. Mimi nilimaliza fomu foo nikaolewa Sigowet. Chela akaenda Nairobi kusomea kuchora. Sikujua kuna watu wanasomea.

Juzi amekuja shule ya binti yangu Chemutai, kuonyesha watoto kitabu chake cha katuni. Nilikaa nyuma, mtoto wangu wa mwisho ananyonya, nikamtazama Chela na raba nyeupe ambazo matope ya kwetu yalikuwa yamezionea haya. Alichora kwa kidude cha kioo, picha ikatokea kubwa kwenye shuka iliyoning'inizwa ukutani. Kwanza mstari wa uti wa mgongo, umepinda. Kisha mbavu, kama pipa. Kisha nyonga. Akikosea, anagusa, kosa linatoweka. Kisha akaweka mifupa ya mabega. Minne. Pale pale nilipoiweka mimi. Kichwa cha kiazi. Bega la kushoto chini. Jina tu ndilo amebadilisha, amempa la kizungu.

Watoto walipiga makofi, na Chemutai wangu alipiga kuliko wote. Nilikuwa na wivu, nasema wazi. Wivu wa kuuma meno.

Mwalimu akamuuliza alijifunza wapi mgongo kama ule. Chela akasema amekulia kwenye chai, na alikuwa akitazama mgongo wa mama yake akitoka kuchuna.

Mama yake! Mama yake alikaa nyuma ya kaunta akipima sukari. Chai aliyoishika ni ya pakiti.

Mtoto mmoja akauliza kwa nini bega moja liko chini. Chela akatabasamu. "Hiyo ni staili tu. Inamfanya akae noma."

Watu walipoanza kutoka nilimfuata. Alinikumbatia, akaniita Cherono wangu, akauliza kama nakumbuka ule ukuta. Nikamwambia naukumbuka sana, na nikamuuliza, "Chela, huo mgongo ni wa nani?"

Akacheka. "Ni wetu sote, dada. Si tulikua pamoja?"

Akampa Chemutai kitabu kimoja chenye sahihi yake, na mtoto akakishika kifuani kama ametunukiwa kombe. Ningemwonyesha Chela ushahidi gani? Zile nyumba zilibomolewa, ukuta na zimwi lake vimekuwa kifusi.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa mama, anakokaa sasa. Nilitaka akasirike pamoja nami. Nikamwonyesha jalada lenye lile zimwi. Alikipeleka kitabu kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole kwenye lile bega polepole.

"Kikapu chake kiko wapi?"

"Hana kikapu, mama. Ni shujaa."

"Sasa mbona ameinama?"

Nikamkumbuka Chela na ile staili yake tu.

Siku hizi chai inanyolewa na mashine kama kichwa kwa kinyozi. Watu wawili wanaishika, wanatembea, shamba limekwisha. Kikapu cha mama kiko kona ya jikoni, kuku analalia mayai ndani. Mursik tunanunua kwenye chupa ya plastiki. Watoto wetu wanajua kufuta kabla hawajajua kukosea, na wakitaka kuona mgongo unavyofanya kazi wanatafuta kwenye simu.

Kabla ya kuondoka nilimwomba mama makaa ya senetwet, nikamwonyeshe Chemutai mkono unaanzia wapi. Nilingoja anigombeze. Aliingia ndani akaniletea kijiti kizima ambacho hana tena kibuyu cha kukisugulia, akakifunga kwa gazeti, akanipa. Zamani angenifukuza mpaka kwenye mtaro.