Nyumba Niliyompa Kaka kwa Adabu

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Itigi nzima hapakuwa na mtu wa kunizidi kujisifu, na sababu ninazo. Darasa la nne sikulimaliza, lakini nilianza na debe moja la asali, nikiwauzia abiria wa treni dirishani, mpaka nikasimamisha nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, duka mbele. Nani asingejua ni yangu? Hata aliyekuja kuuliza njia nilimwambia.

Ndipo serikali ikalitaka eneo letu lote la kando ya reli, ijenge maghala. Akaja mthamini, kijana wa Pwani. Alitueleza vizuri: mwenye nyumba ana haki ya fidia na kiwanja kingine, na asiporidhika ana haki ya kupinga. Mwenyewe, si ndugu yake.

Alipofika kwangu, kaka yangu mkubwa alikuwa amekaa barazani, amekuja zake kunywa chai.

"Nyumba hii ya nani?"

Kwetu mdogo hasemi "yangu" mbele ya mkubwa wake. Nikainamisha kichwa.

"Ya huyu mzee."

Kijana akaandika, akaenda nyumba ya pili. Maisha yangu yote nimejisifu. Siku moja tu nikawa na adabu, na siku hiyo ndiyo serikali ikanisikiliza.

Kesho yake nikamkokota kaka hadi ofisini, akaseme ukweli.

"Mzee, nyumba ni yako?"

Kaka naye ana adabu zake. "Ya baba yetu."

"Baba yuko wapi?"

"Tulimzika zamani, kule Mungaa."

Mthamini akaweka kalamu chini. "Marehemu hapewi kiwanja, wazee wangu. Nauliza mara ya mwisho. Mwenye nyumba nani?"

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama dari.

"Ni yangu," nikasema. "Tofali nilifyatua mwenyewe, huyu hakubeba hata moja."

Hilo la mwisho sikuulizwa.

Kiwanja nilipata, karibu na soko, nikajenga kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukipita utaiona, bati la bluu. Kaka huja kunywa chai kama zamani. Akifika mlangoni anavua kofia, mtu aliyenibeba mgongoni, ananiamkia mbele ya wateja wangu:

"Shikamoo, mwenye nyumba."

Nami, mtu wa maneno, namvutia kiti tu.